Upande B Haujaisha

Mwanangu mpenzi,

Jumapili jioni uliniambia neno nikashindwa kulijibu. Ulinikuta nimeketi karibu na redio kaseti, taa sijawasha. Ukasimama mlangoni na hedifoni zako shingoni, ukasikiliza wimbo mpaka mwisho, nami nikadhani umekupendeza. Kisha ukasema, kwa upole kabisa: "Lakini Mama, miziki yako yote ni ya kulalamika." Ukaenda zako kulala.

Hukunikosea adabu wala sikukasirika. Ila neno lile limelala nami siku nne. Nimekwenda nalo kazini, nimerudi nalo. Kwa mdomo najua nitalieleza vibaya, machozi yatanitangulia kabla sijafika ninapotaka kufika, ndiyo maana naandika. Wewe siku hizi ni mtu wa daftari na mistari, basi na hii isome unavyosoma mistari ya watu: taratibu, ukirudi nyuma palipokupita.

Nianze na kaseti yenyewe. Ilitumwa na mjomba wako, yule wa kwenye picha ya meli. Jina lake unalijua, habari zake sijakusimulia sawasawa. Aliingia melini mwaka 1984 akiwa na miaka 22, akazunguka bandari za watu, mwishowe akashuka London na hakupanda tena. Kalamu ilikuwa nzito mkononi mwake. Barua zake zilikuwa za mistari minne: mimi mzima, baridi ni kali, wasalimieni wote, nitatuma kitu. Na kitu alichotuma kila mara kilikuwa kaseti. Zilitufikia kwa mikono ya mabaharia wenzake, zimeviringishwa ndani ya soksi zisivunjike, na kwenye karatasi ya ndani ameandika majina ya nyimbo kwa herufi zake zilizolalia upande mmoja. Nilikuwa na miaka 14 ilipofika ya kwanza.

Humo alikuwamo mshairi Linton Kwesi Johnson. Nilikaa na kamusi ya Kiingereza mapajani, naisimamisha kaseti kila baada ya maneno matatu, naandika nilichosikia, natafuta, silioni neno. Nikaanza kuhesabu kurasa za kamusi nione kama kuna zilizochanika. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba yule bwana anaghani kwa lugha ya kwao, Kiingereza cha Wajamaika, na kwamba kwenye vitabu vyake anaiandika vilevile inavyotamkwa, kwa makusudi, bila kuiomba radhi. Nilipolijua hilo niliiweka kamusi kando, nikarudisha kaseti mwanzo, nikasikiliza kama unavyomsikiliza mgeni anayesema taratibu kwa sababu anataka umwelewe.

Wimbo ulioukuta Jumapili ni wake, "Sonny's Lettah", wa mwaka 1979. Johnson alizaliwa Chapelton, Jamaika, mwaka 1952, na mwaka 1963 akamfuata mama yake London. Mashairi yake anayaghani juu ya besi nzito ya rege, na fundi aliyempangia muziki, Dennis Bovell, ni mzaliwa wa Barbados. Sasa sikiliza umbo lake. Wimbo mzima ni barua. Kijana yumo katika gereza la Brixton, anamwandikia mama yake, na anaanza kama sisi tunavyoanza barua, kwa kumtakia mama awe mzima. Halafu anamweleza kilichotokea. Yeye na mdogo wake Jim walikuwa wamesimama wakingoja basi, jioni, watu wakirudi makwao. Gari la polisi likasimama, wakashuka askari watatu, wakamkamata Jim. Jim akasema hajafanya kosa. Wakampiga. Sonny hakuweza kusimama kando akitazama. Akapigana nao, askari mmoja akaanguka akafa. Jim ameshtakiwa kwa kushukiwa, Sonny ameshtakiwa kwa kuua.

Nimeusikiliza wimbo huu karibu miaka arobaini na kila mara nangoja pale Sonny atakapolalamika. Hafiki. Hamwombi mama yake amhurumie. Anataja ilikuwa wakati gani, askari walikuwa wangapi, nani alipigwa wapi na akasemaje, kama mtu aliyeapishwa. Na anamwambia mama kwa sababu alikuwa ameahidi kumtunza mdogo wake, naye anataka ajue kwamba alijaribu. Hilo la kujaribu ndilo linalonimaliza. Nilikuwa mdogo wa mtu niliposikia mara ya kwanza. Sasa ni mama wa mtu, na linanikata mahali pengine.

Ile sheria ya kushukiwa haikuwa ya kutungwa na mshairi. Watu waliiita "sus". Ilikuwa kifungu cha 4 cha sheria ya wazururaji ya Uingereza ya mwaka 1824, na ilimruhusu askari kumkamata mtu kwa kumshuku tu kwamba anakusudia kutenda kosa. Katika miaka ya 1970 vijana weusi wa London walikamatwa kwa kifungu hicho kupita kiasi cha idadi yao. Miongoni mwa waliosimama kuipinga walikuwamo akina mama weusi waliochoka kufuata watoto wao vituoni, na mwaka 1981 ikafutwa. Sitakwambia kwamba wimbo ndio ulioifuta. Ila nilipokuja kusoma habari za akina mama wale niliona kwamba kila mmoja wao alikuwa amekwisha kupokea barua yake ya Sonny, iwe kwa karatasi au kwa simu ya usiku.

Najua wewe ungependa tuanzie Bronx, huko New York, hip hop ilikozaliwa. Twende, lakini tupitie Kingston, maana ndivyo njia ilivyopita. Huko Jamaika, tangu miaka ya 1950, mwenye mashine na santuri alipanga spika ndefu kama makabati hadharani, akapiga muziki, na juu ya muziki akatupia maneno ya kuwasifu waliokuja na kuwachapua wacheze. Mtoto mmoja aliyekulia katika hayo, Clive Campbell, alihamia Bronx mwaka 1967 akiwa na miaka 12. Tarehe 11 Agosti 1973 mdogo wake wa kike, Cindy, aliandaa dansa kwenye ukumbi wa chini wa jengo walilokaa, namba 1520 Sedgwick Avenue. Alitaka fedha za nguo mpya za shule. Kadi za mwaliko ziliandikwa kwa mkono: wasichana senti 25, wavulana senti 50. Kaka mtu akapiga santuri, na jina lake la jukwaani lilikuwa Kool Herc.

Namtaja Cindy kwa sababu wasimulizi wengi humruka. Kila mwaka tarehe hiyo watu husherehekea siku ya kuzaliwa kwa hip hop, wakamtaja kaka mwenye mashine, na msichana aliyepanga shughuli nzima kwa ajili ya nguo za shule wakamwacha mlangoni akikusanya senti.

Herc aligundua kwamba wachezaji walikuwa wanangoja kipande kimoja tu cha wimbo, pale waimbaji wanaponyamaza zikabaki ngoma na besi. Mara nyingi kipande hicho hakifiki hata nusu dakika. Akachukua santuri mbili zilezile, akaziweka kwenye mashine mbili. Kipande kikiisha huku anakianzisha kule, na wakati kule kunapiga, anairudisha ya kwanza nyuma kwa mkono. Fikiria hilo vizuri, mwanangu, wewe unayepata biti kwa kubonyeza kitufe. Nje ya ukumbi ule Bronx ilikuwa inaungua. Barabara kuu ilikuwa imepitishwa katikati ya makazi, maelfu wakahamishwa. Kuna wenye majengo walioona kodi haiwalipi wakayachoma wapate fedha za bima, na jiji nalo likafunga baadhi ya vituo vya zimamoto. Watu walikuwa wanaondolewa mahali pao. Na kijana mmoja ukumbini akachukua sekunde chache za nafasi iliyobaki ndani ya wimbo, akaifungua ikawa pana kiasi cha watu kuingia wakacheza usiku kucha.

Ilipita karibu miaka tisa kabla ya mitaa ile kuelezwa waziwazi kwenye santuri iliyovuma. "The Message" ya Grandmaster Flash and the Furious Five ilitoka mwaka 1982, na kundi lenyewe lilisita kuirekodi: nani atakuja kwenye dansa kusikia habari za kodi, uchafu na mtu anayekaribia kurukwa na akili? Mwishowe katika kundi zima ni Melle Mel peke yake aliyeghani humo, pamoja na Duke Bootee, aliyeandika sehemu kubwa ya maneno. Unaona walichoogopa. Waliogopa kuambiwa kama ulivyoniambia wewe.

Sasa hii inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nimeingoja nafasi ya kukusimulia tangu ulipoanza kuandika.

Mwaka 1961 mshairi kijana wa Afrika Kusini, Keorapetse Kgositsile, aliondoka kwao kwa kushauriwa na chama chake, ANC, wakati gazeti alilokuwa analiandikia likiandamwa na serikali ya makaburu. Alifikia Dar es Salaam, akaandikia jarida la Spearhead, na mwaka uliofuata akavuka kwenda Marekani. Huko aliandika shairi linaloonya kwamba muda wa maneno matamu ya sanaa unakwisha, kwamba wao ndio washairi wa mwisho kabla silaha hazijaanza kusema. Tarehe 19 Mei 1968, siku ya kuzaliwa ya Malcolm X, vijana wa Harlem, mtaa wa weusi wa New York, walikusanyika katika bustani ambayo leo inaitwa Marcus Garvey, wakaghani mashairi juu ya ngoma. Jina la kundi lao walilitoa kwenye shairi la Kgositsile: The Last Poets. Ukiwauliza wakongwe wa hip hop mababu zao ni nani, kundi hilo halikosi kutajwa. Kwa hiyo siku mtu atakapokwambia kwamba kuchana mistari ni kuiga ya wageni, umsimulie habari za mkimbizi aliyepita Dar es Salaam.

Lakini si hilo lililonifanya niipende. Mwaka 1994, huko Marekani, Kgositsile alipata mtoto wa kiume, akaitwa Thebe, maana yake ngao kwa Kitswana. Baba akarudi Afrika Kusini mtoto angali mdogo, na mwaka 2006 akatangazwa mshairi wa taifa. Mtoto akakua na mama yake Los Angeles, akawa emsii, yaani mghani wa hip hop, dunia ikamjua kwa jina la Earl Sweatshirt. Katika mistari yake ya ujana alimtaja baba kwa uchungu wa mtu aliyeachwa. Baba akafariki Januari 2018. Novemba mwaka huohuo mtoto akatoa albamu fupi, haifiki nusu saa, na humo kuna wimbo ambao yeye mwenyewe haghani hata neno moja. Amechukua sauti ya mama yake, profesa wa sheria Cheryl Harris, akitoa hotuba ya shukrani, na sauti ya baba yake akisoma shairi, akazipishanisha. Mama anasema, ananyamaza, baba anaingia. Baba anatua, mama anaendelea. Wazazi walioishi bara hili na bara lile kwa miaka mingi wakakutana ndani ya wimbo wa mtoto wao, kila mmoja akimsubiri mwenzake amalize.

Nilipousikia mara ya kwanza nilizima jiko nikakaa chini.

Tangu siku hiyo nimeuona uzi uleule wa mzazi na mtoto kila mahali. Tupac unamjua kuliko mimi, sitakuchosha, ila kumbuka kwamba mama yake, Afeni Shakur, alijitetea mwenyewe mahakamani New York akiwa na mimba yake, yeye na wenzake wa Black Panther, chama cha kupigania haki za weusi, wakaachiwa huru Mei 1971, na mtoto akazaliwa tarehe 16 Juni. Yule kijana alikuwa amesikiliza kesi kabla hajaiona dunia. Ukilijua hilo, wimbo aliomwimbia mama yake mwaka 1995, "Dear Mama", unausikia kwa masikio mengine.

Nirudi kwenye neno lako. Mtu anayelalamika huwa anakutazama usoni aone kama umeguswa. Shahidi hakutazami, anakitazama kile alichokiona, asije akakosea kukisema. Mimi ninaowapenda ni mashahidi. Tarehe 15 Septemba 1963 bomu lililipua kanisa la weusi huko Birmingham, Alabama, likaua wasichana wanne, watatu wa miaka 14 na mmoja wa miaka 11. Mwimbaji Nina Simone alisimulia mwenyewe kwamba alipozisikia habari hizo alikusanya vyuma ajaribu kutengeneza bunduki, mumewe akamwambia kuua hakujui, anachokijua ni muziki. Akakaa kwenye piano, na kabla saa moja haijaisha "Mississippi Goddam" ulikuwa umeandikwa. Una mwendo wa haraka, wa kuchangamka, kama wimbo wa maigizo, na ndani ya mchangamko huo anataja majimbo kwa majina. Huko kusini mwa Marekani kuna muuzaji aliyerudisha sanduku zima la santuri zake zikiwa zimevunjwa katikati. Santuri ya manung'uniko hakuna anayejisumbua kuivunja.

Na huko Brazil, São Paulo, tarehe 2 Oktoba 1992 polisi waliingia gereza la Carandiru kuzima ghasia wakaua wafungwa 111. Miaka mitano baadaye kundi la Racionais MC's lilitoa wimbo wenye umbo la shajara ya mfungwa, ulioandikwa na Mano Brown pamoja na mtu aliyekuwa amefungwa humohumo. Kireno sikijui. Nilisoma tafsiri ya maneno yake nusu nusu, kisha nikasikiliza, na sauti ile tulivu inayohesabu siku ilitosha.

Sikufichi kwamba katika kapu hili wamo wanaonichosha. Wapo emsii waliojaa maneno mazito, ukombozi, mapinduzi, mfumo, na hakuna hata mtu mmoja aliye hai ndani ya mistari yao, hakuna basi, hakuna kaka, hakuna saa. Na biti zao zimelala. Hao ukisema wanalalamika sitakubishia, maana wanahutubia, na hotuba isiyo na ngoma naipata kwenye redio bila kuinunua.

Kuna jambo zito zaidi ambalo hujaniuliza, nami sitaki ulisikie kwa mwingine. Mimi ni mwanamke, na nimeupenda muziki ambao sehemu yake imenitukana. Zipo kaseti za mjomba wako zenye nyimbo nilizozirusha. Kuna emsii anayelia kwa ajili ya watu wake kwenye wimbo wa tatu, na kwenye wa nne anamwita mwanamke jina ambalo nikikusikia unalitumia tutakosana vibaya. Nilipokuwa na umri wako nilijidanganya kwamba hawanisemi mimi. Halafu mwaka 1993 akatokea emsii wa kike, Queen Latifah, na "U.N.I.T.Y.", akauliza mbele ya wote ni nani huyo wanayemwita hivyo, akamweleza mwanamume anayeshika mwili wa msichana njiani, akamweleza anayempiga mkewe ndani. Alikuwa na miaka 23. Nilicheka kwa sauti nikiwa peke yangu chumbani, kicheko cha mtu aliyefunguliwa mlango. Aliyoyasema niliyajua yote, ila sikuwahi kuyasikia juu ya biti nzuri kiasi kile.

Kwa hiyo ninaposema muziki huu ni wa ushahidi, ushahidi huo unawafikia na wenyewe. Ukiandika juu ya dhuluma ya polisi ukanyamaza juu ya rafiki yako anayemtesa msichana wake, nusu ya kurasa umezichana.

Na mwanamke mwingine aliyenifungulia mlango ni Lauryn Hill, mwimbaji na emsii. Albamu yake ya mwaka 1998, ambayo sehemu yake ilirekodiwa Kingston kwenye studio ya ukoo wa Marley, iliipa hip hop kwa mara ya kwanza tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka. Mimi naichukua kwa wimbo mmoja, "To Zion", alioutunga kwa ajili ya mwanawe wa kwanza. Anasimulia jinsi watu walivyomshauri atumie akili, aifikirie kazi yake, maana mtoto atamrudisha nyuma, naye akachagua mtoto. Nilipokuwa na mimba yako nami niliambiwa maneno yanayofanana na hayo na mtu niliyemheshimu, kazini, mlango ukiwa umefungwa. Sikumjibu. Nilirudi nyumbani nikaweka wimbo ule, nikauweka tena, nikauweka mpaka kukacha. Ulikuwa ndani. Nadhani ndiyo maana hukuwahi kuusogeza mbele hata siku moja, hata ulipokuwa hujui ni wa nani.

Sasa daftari lako. Ulinipa mwenyewe nilisome, usidhani nimepekua. Vina vyako vina nguvu, na pale unapopumzika kabla ya neno la mwisho umepajua bila kufundishwa. Lakini kurasa sita za kwanza umeandika juu ya bastola ambayo hujaishika, njia ambazo hujapita, maadui usio nao. Ukurasa wa saba umeandika juu ya rafiki yako aliyeacha shule ili amuuguze bibi yake, na jinsi mnavyopishana siku hizi asijue aanzie wapi kukusalimu. Mistari minane tu, na kiimbo chake kinayumba, vina viwili vimekataa. Huo ndio nilioukunja pembe ya karatasi. Wale vijana wa Bronx hawakuandika juu ya Kingston. Johnson hakuandika juu ya Bronx. Kila mmoja aliandika alichokiona akiwa amesimama pale alipo, akitumia kinywa cha kwao, na ndiyo maana sauti zao zimenifikia mimi niliye mbali nao kiasi hiki. Maliza ule wa rafiki yako. Mwombe ruhusa kwanza, ni maisha yake.

Limebaki jambo moja, nalo ni la Jumapili.

Uliondoka wimbo ulipoisha. Ungengoja kidogo tu ungemsikia mjomba wako. Baada ya "Sonny's Lettah" alikata muziki, akaacha utepe utembee bila kitu, kisha akafungua kipaza sauti cha redio yake. Mwanzo unasikia anakohoa, na gari linapita nje, gari kubwa, nadhani ni basi. Anatusalimu kila mtu kwa jina lake, kwa kufuata umri, kama tulivyofundishwa. Ananiuliza mtihani ulikwendaje. Kisha anasema: mimi kuandika mnanijua, siwezi, nimemsikia huyu bwana anavyomwandikia mama yake nikaona ameniandikia na mimi, basi mchukulieni yeye kama barua yangu. Mama, mimi sina shida na askari, usiogope, ila hiyo baridi na hilo la kumkumbuka mama ndivyo vilivyo.

Alifariki mwaka 1996 hukohuko, akazikwa na watu ambao hatuwajui. Tulichonacho cha sauti yake ni hicho, dakika moja na nusu hivi. Bibi yako alikuwa akiniita niiweke kila anapomkumbuka. Alisikiliza wimbo wote kwanza, maneno ya Kijamaika asiyoelewa hata moja, akitikisa kichwa polepole, maana kwake yeye barua ilikuwa imeshaanza.

Kaseti nimeiweka juu ya meza yako. Utepe nimeurudisha kwa kalamu, kwa mkono, niliogopa mashine isije ikaula, na nimeusimamisha pale pale wimbo unapoanza. Usiinakili kwenye simu bado. Sikiliza kwanza kwenye redio, mlango ukiwa wazi nisikie na mimi. Wimbo ukiisha usizime. Kutakuwa na ukimya, utadhani imekwisha. Ngoja. Mwishoni anaanza kusema neno, nadhani ni jina langu, na hapo ndipo utepe unapokatika.

Mama yako